Unguja, Pemba au Mafia: kisiwa gani kitakufaa kuishi

Mtu akikwambia anataka kwenda kuishi kisiwani, mwulize kisiwa gani. Mara nyingi atakutazama kana kwamba umemwuliza maji ya chumvi gani. Kichwani mwake visiwa vyote ni minazi, mchanga mweupe, ngalawa na pweza wa nazi, na jina linalomjia kwanza ni Zanzibar, ambayo kwake ni Unguja peke yake. Pemba amesikia karafuu zake. Mafia amesikia jina akacheka.

Ulinganisho huu ni wa huyo, mtu anayetaka kuhama, si anayetaka likizo ya siku nne. Huenda amepata kazi, anatafuta pa kufungua duka, anastaafu, au amechoka na foleni za Dar es Salaam. Kuishi kunataka ujue kisiwa kina ukubwa gani, watu wake ni wangapi na wamekaa upande gani, kiko chini ya serikali ipi, na siku ukitaka kutoka haraka utatoka kwa chombo gani. Naamini hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua kama mtu atadumu au atarudi kabla mwaka haujaisha. Ndiyo hayo pia ambayo watu hawaulizi.

Tarakimu kwanza, ili tusiongee hewani. Za watu ni za sensa za 2012 na 2022.

| | Unguja | Pemba | Mafia |
|---|---|---|---|
| Eneo (km za mraba) | 1,666 | 988 | 400 na kidogo |
| Watu 2012 | 896,721 | 406,848 | 46,000 na ushei |
| Watu 2022 | 1,346,332 | 543,441 | 66,000 na ushei |
| Watu kwa km ya mraba, 2022 | 800 hivi | 550 hivi | 160 hivi |
| Mikoa | 3 | 2 | hakuna, ni sehemu ya Mkoa wa Pwani |
| Wilaya | 7 | 4 | 1 |
| Mji mkuu wa shughuli | Jiji la Zanzibar | Chake Chake na Wete | Kilindoni |

Safu ya mwisho ya jedwali inaonekana nyembamba kwa sababu Mafia ni nyembamba kweli. Mkoa wa Kusini Unguja peke yake, ule wa Paje, Jambiani na Makunduchi, uliongeza watu 80,285 kati ya sensa hizo mbili. Nyongeza hiyo tu inawazidi watu wote wa Mafia.

Muhuri unagongwa wapi

Unguja na Pemba ziko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kuna Rais wa Zanzibar, Baraza la Wawakilishi, wizara za Zanzibar za afya na elimu, na sheria za Zanzibar za ardhi. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na makao makuu ya mkoa huo ni Kibaha, ng'ambo ya bahari, mji ambao Wamafia wengi huupita tu wakiwa kwenye basi. Kwa hiyo mvuvi wa Kojani, Pemba, na mvuvi wa Jibondo, Mafia, wanaweza kukutana dago moja, yaani kambi ya wavuvi, wakapika chungu kimoja na kuelewana kwa kila neno, lakini mmoja akidai barua ya utambulisho anakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, na mwenzake anakwenda kwa mtendaji wa kijiji.

Mgawanyo huu haukuletwa na jiografia, umeletwa na karatasi. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kama visiwa vingine. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipogawana maeneo, Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Waingereza, na ukanda wa pwani ukaenda kwa Wajerumani, Mafia ikiwa ndani yake. Sultani alilipwa marki milioni 4 kwa pwani yote hiyo. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha kuisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, mpaka wakaimaliza Julai mwaka huohuo. Baada ya vita, badala ya kurudi Zanzibar, Mafia ikabaki Tanganyika. Ilipofika Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na Mafia ikaingia Muungano kwa mlango wa bara.

Kwa anayehama, hadithi hii ina uzito kwenye mambo ya kila siku. La kwanza ni ardhi. Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992 inatoa haki ya kutumia ardhi kwa Mzanzibari. Mtanzania wa Mwanza au wa Songea anaweza kuishi Unguja au Pemba, akapanga nyumba na kufanya kazi, lakini kiwanja chenye jina lake ni jambo jingine, na kabla ya kulipa hata senti moja kwa dalali anapaswa kukaa na mwanasheria wa hukohuko. Nimewaona watu wakinunua kwa jina la shemeji au la rafiki. Sitasema zaidi, ila urafiki wa namna hiyo hupimwa vibaya ardhi ikipanda bei. Mafia inafuata sheria mbili za ardhi za bara za 1999, ile ya jumla na ile ya vijiji, na Mtanzania yeyote anaweza kuomba, akipitia halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji pale ardhi inapokuwa ya kijiji. Tahadhari ya Mafia ni nyingine: sehemu kubwa ya kusini ya kisiwa imo ndani ya hifadhi ya bahari, na ujenzi huko una masharti yake.

La pili ni ofisi ya jirani. Zanzibar imegawanywa kutoka mkoa hadi wilaya, na chini kabisa iko shehia, chini ya sheha. Kuna wadi na madiwani pia, lakini mgeni ataonana na sheha kwanza, na bila barua yake mambo mengi hayasogei, kikiwamo kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Sheha hachaguliwi kwa kura, huteuliwa. Mafia, kama kwingine bara, mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji hupigiwa kura, na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Mtu aliyezoea kumtishia mwenyekiti kwa kura za mwakani atapata shida ya kuzoea Unguja.

La tatu ni biashara. Unguja na Pemba utakutana na mamlaka mbili za kodi, ile ya Muungano, TRA, na ile ya Zanzibar, ZRA. Mafia ni TRA na halmashauri. Gari la Unguja lina namba inayoanza na Z, la Mafia linaanza na T. Na mzigo ulionunua Unguja ukiupeleka Dar es Salaam unapita forodha, jambo ambalo limewashangaza abiria wengi wenye televisheni moja mkononi.

Kuhusu majina ya mikoa na wilaya, mgeni asione aibu kuchanganyikiwa. Unguja ina Mkoa wa Mjini Magharibi wenye wilaya za Mjini, Magharibi A na Magharibi B, Mkoa wa Kaskazini Unguja wenye Kaskazini A na Kaskazini B, na Mkoa wa Kusini Unguja wenye wilaya za Kati na Kusini. Pemba ina Kaskazini Pemba, yaani Wete na Micheweni, na Kusini Pemba, yaani Chake Chake na Mkoani. Mji wa Mkoani, pamoja na jina lake, si makao makuu ya mkoa. Makao ni Chake. Ukipewa barua ya kuripoti "mkoani" Kusini Pemba, uliza mara mbili kama M ni kubwa au ndogo.

Mafia haikupi kazi hiyo. Ni wilaya moja, jimbo moja la uchaguzi, na mji wenyewe ni Kilindoni. Mkuu wa wilaya, hospitali, soko, uwanja wa ndege na gati vyote viko mwendo mfupi. Kwa mtu anayechukia kuzungushwa ofisi hadi ofisi hii ni raha. Karaha yake ni kwamba jambo likivuka uwezo wa wilaya, unavuka bahari nalo.

Ardhi yenyewe na maji yaliyoizunguka

Visiwa vitatu vimejipanga mbele ya pwani kutoka usawa wa Tanga hadi usawa wa Rufiji, Pemba kaskazini, Unguja katikati, Mafia kusini. Vinafanana kwa mbali kama ndugu. Tofauti kubwa iko chini ya maji.

Unguja na Mafia zimekaa juu ya ukingo wa bara, bahari kati yake na bara ikiwa ya kina kifupi. Zamani, maji ya bahari yalipokuwa chini, Unguja ilikuwa imeungana na bara, ndiyo maana imebaki na wanyama wa misitu ya bara kama paa nunga, na hata chui, ambaye siku hizi anaishi zaidi midomoni mwa wazee kuliko msituni. Kima punju wa msitu wa Jozani ni wa Unguja peke yake. Pemba ni nyingine kabisa. Kati yake na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimetengwa tangu enzi za kale sana, hata kikapata viumbe wasioonekana kwingine: popo mkubwa wa Pemba, ambaye ukienda Kidike utamkuta ananing'inia mchana kweupe, na bundi wake mdogo wa msitu wa Ngezi.

Kwa mkulima tofauti iko kwenye udongo. Unguja imegawanyika kama shati la rangi mbili. Magharibi na katikati kuna udongo wa kina, mashamba ya viungo, migomba na mpunga mabondeni. Mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe, ambako jembe linalia likigusa ardhi na watu wameishi kwa bahari, kwa mifugo michache, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kilimo cha mwani, kazi inayofanywa zaidi na wanawake. Fuko zile zilizojaa hoteli ziko upande huohuo usiolimika. Mtu anayeota nyumba mbele ya bahari na bustani ya michungwa nyuma ajue kwamba Unguja mara nyingi humwambia achague kimoja.

Pemba ni vilima na mabonde, kilima baada ya kilima, na barabara inayopinda kama imelewa. Mvua ni nyingi kuliko Unguja. Waarabu wa zamani waliiita Kisiwa cha Kijani na hawakukosea. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka hapa, na sababu mojawapo ni tufani la 1872, lililofagia mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa nzima kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikashika usukani. Msimu wa kuchuma ukifika, kisiwa chote kinanuka karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na mnunuzi wake ni mmoja, shirika la serikali, ZSTC. Mtu anayedhani atakwenda Pemba kufanya ulanguzi wa karafuu atafute kazi nyingine. Lakini Pemba nayo ina upande wake mkavu: Micheweni, kaskazini mashariki, ni mawe na jua, na kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa miongoni mwa wilaya maskini kabisa za Zanzibar. Ukisema "Pemba kuna rutuba" mbele ya mtu wa Micheweni atakucheka.

Mafia ni bapa, kichanga, minazi hadi macho yachoke. Wakati wa Wajerumani na baada yao mnazi ndio ulikuwa uchumi. Leo bahari imeupita. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya 1995, ndiyo ya kwanza Tanzania na ina kilomita za mraba 822, mara mbili ya kisiwa chenyewe. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe husogea karibu na Kilindoni, na wageni huvuka bahari kwa ajili yake. Visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu vinauzunguka mwambao. Juani ina magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Jibondo ina wavuvi na mafundi wa vyombo wa kuaminika, lakini maji ya kunywa ni tabu. Jina la Mafia, kwa wanaouliza, halihusiani na Italia. Wapo wanaodai ni "mahali pa afya" lililofupishwa, maelezo matamu mno kuaminika.

Hali ya hewa haiwatofautishi sana: masika Machi hadi Mei, vuli mwisho wa mwaka, pepo za kaskazi na kusi zikipokezana. Vimbunga ni adimu sehemu hizi, ingawa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na kuwakumbusha watu kuwa adimu si sawa na hakuna.

Watu wamekaa wapi

Takwimu ya Unguja inadanganya usipoigawa. Kati ya watu milioni 1.3, watu 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi, yaani wawili katika kila watatu. Mji umevuka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, zamani, umemeza mashamba ya Magharibi A na B, na sasa ukiambiwa "shamba" unaweza kukuta ghorofa. Anayehamia Unguja kwa kweli huchagua kati ya mawili: kuishi mjini, pamoja na foleni ya daladala, kelele na kila huduma, au kuishi Kaskazini au Kusini, mikoa yenye watu 257,290 na 195,873, ambako kuna nafasi lakini kodi ya nyumba karibu na fuko imevutwa juu na utalii. Kusini Unguja ilikua kwa karibu asilimia 70 katika miaka kumi. Hoteli za Paje na Jambiani zimechangia, na mji unaosogea kuelekea Tunguu umechangia. Wafanyakazi wa hoteli huko wametoka kila kona ya Tanzania na Kenya, hivyo mgeni hajioni mgeni. Kwa mtu wa kazi za utalii, mjadala unaishia hapa: ni Unguja.

Pemba imejigawa kwa usawa wa ajabu. Kaskazini ina watu 272,091, Kusini 271,350. Tofauti ni watu 741, kama harusi moja kubwa. Hakuna mji mmoja unaovuta wote. Wete, Chake Chake na Mkoani kila mmoja una soko lake na watu wake, na vijiji vimetapakaa katikati kiasi kwamba ni nadra kusafiri dakika tano bila kuona nyumba. Pemba pia ni kisiwa kinachotoa watu. Wapemba wako Unguja, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, wakiuza duka na kutuma fedha nyumbani, na kisiwa kilikua kwa asilimia 34 tu wakati Unguja ilikua kwa 50. Kwa mfanyabiashara hiyo ni habari mbili kwa moja: ushindani ni mdogo, lakini mteja wako anajua bei ya Unguja kwa sababu kaka yake ana duka Darajani, soko kuu la mjini Unguja.

Desturi za Pemba ni nzito kidogo kuliko za Mjini Unguja. Mavazi, saa za sala, Ramadhani, salamu, yote yanatazamwa. Wengine hupaona pagumu. Mimi naona ni pepesi, kwa sababu kanuni zinajulikana: ukishika adabu unafunguliwa mlango, na Mpemba akikufungulia mlango hakufungii tena.

Mafia ina watu wachache hata ndani ya mkoa wake. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 2,024,947 mwaka 2022, karibu mara mbili ya miaka kumi nyuma, kwa sababu Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga zinapokea watu wanaomwagika kutoka Dar es Salaam. Mafia haimo kwenye mkumbo huo. Imekua, kwa zaidi ya asilimia 40, lakini kutoka padogo. Ukikaa Kilindoni miezi mitatu utamjua kila dereva wa bodaboda kwa jina la baba yake, naye atajua umekula nini jana. Anayetaka kujificha asiende Mafia.

Kuingia, kutoka, umeme, hospitali

Hapa kuna kichekesho cha ramani. Mafia ndiyo iliyo karibu zaidi na bara, kilomita 20 hivi kutoka delta ya Rufiji, wakati Unguja iko 40 hivi na Pemba 50 na zaidi. Kwa safari mambo ni kinyume.

Unguja unavuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya kasi kwa saa mbili hivi, mara kadhaa kwa siku, na uwanja wa ndege wa Kisauni unapokea ndege za kimataifa. Ukikosa ya asubuhi unapanda ya mchana.

Pemba inafikika kwa meli ya kutoka Unguja hadi Mkoani, kwa meli ya Tanga katika siku maalumu za wiki, na kwa ndege ndogo hadi Chake Chake. Bahari ya Nungwi ina mkondo mkali, na Wazanzibari hawajasahau Septemba 2011, Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi. Meli za sasa ni bora, lakini tabia ya kuangalia umati kabla ya kupanda ni tabia njema ya kubaki nayo.

Mafia, kama huna nauli ya ndege ya nusu saa na kitu kutoka Dar es Salaam, unashuka barabara ya kusini hadi Wilaya ya Kibiti, unakata kwenda Nyamisati, unasubiri chombo, kisha unavuka kwa saa kadhaa kutegemea chombo na bahari. Maji ya delta ni ya kina kifupi na ratiba hutazama kujaa na kupwa. Wakati wa kusi usipange mkutano wa bara wa siku ya pili. Mzigo wa duka nao unapita njia hiyohiyo, na bei ya saruji Kilindoni itakueleza gharama yake bila wewe kuuliza.

Umeme una historia yake. Unguja inapata kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara tangu 1980. Mwaka 2008 ilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha kuanzia Desemba 2009 miezi mitatu, na waliokuwapo bado wanakumbuka bei ya barafu. Waya mpya mkubwa ulikuja 2013. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo iliishi kwa majenereta. Mafia imekuwa ikizalisha hapohapo kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Anayetaka kufungua ghala la samaki la barafu aweke hilo kwenye hesabu kabla ya bei ya samaki.

Kwa matibabu, Unguja ina Mnazi Mmoja, hospitali kubwa kuliko zote visiwani. Pemba ina Abdalla Mzee pale Mkoani, iliyojengwa upya, pamoja na za Chake na Wete. Mafia ina hospitali ya wilaya, na kinachoishinda kinapelekwa Dar es Salaam. Mwenye maradhi ya kudumu au mjamzito mwenye historia ya matatizo ningemwambia waziwazi asihamie Mafia mwaka huu. Watoto wakifika umri wa chuo, Unguja kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, chenye tawi pia Pemba. Kutoka Mafia watavuka.

Basi nani aende wapi

Mwenye familia yenye watoto wa shule, mwenye kazi ya ofisi, hoteli au biashara inayotaka wateja wengi: Unguja, na kwa bei ya kodi ya nyumba ningetazama Magharibi B kabla ya Paje. Asiye Mzanzibari apange, asikimbilie kujenga.

Mwalimu, mganga, mtafiti, au mtu anayetaka kulima na kuishi na watu kwa utulivu bila kukosa huduma za msingi: Pemba. Ningechagua Chake Chake, iko katikati na uwanja wa ndege uko karibu. Hiki ndicho kisiwa kinachodharauliwa kuliko kinavyostahili, na nikilazimishwa kuchagua mwenyewe ningekwenda huko.

Mstaafu Mtanzania anayetaka ardhi kwa jina lake mwenyewe, mtu wa bahari, mwenye biashara ndogo ya utalii na subira kubwa: Mafia. Subira naisisitiza. Kijana anayetafuta kipato cha haraka Mafia ataimaliza kwa wiki mbili.

Na wa likizo, kwa yale maneno machache: Unguja kwa mji na starehe, na Mji Mkongwe uliomo kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Pemba kwa kuzamia na kutembea msitu wa Ngezi na kisiwa kidogo cha Misali. Mafia kwa papa potwe, Oktoba hadi Machi.

Kabla ya kuamua nenda ukaangalie, lakini usiende Januari, bahari ikiwa kioo na kila kisiwa kikijipamba. Nenda Mei, masika bado inamwaga na kusi imeanza kuvuma. Panda chombo cha watu wa kawaida, si ndege. Lala siku nne katika nyumba ya kupanga mtaani, ununue mkate, uchote maji, uulize bei ya mfuko wa saruji, umsalimie sheha au mwenyekiti ofisini kwake umwulize mgeni wa mwisho aliyehamia alitoka wapi na bado yupo.